Kikopo cha mkojo kwa maskini tu?

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliyetaka kila anayepokea msaada wa serikali apimwe dawa za kulevya, aangalie yaliyotokea Florida, Marekani. Mwaka 2011 jimbo hilo lilipitisha sheria ya namna hiyo. Mama anayeomba fedha za kulisha wanawe alitakiwa alipie kipimo mfukoni mwake, akojoe kikoponi, kisha arudishiwe hela yake akionekana safi. Baada ya miezi minne hivi mahakama ikasimamisha zoezi. Kati ya watu 4,086 waliopimwa, 108 tu ndio waliokutwa na dawa, wengi wao bangi. Marejesho kwa waliofaulu yalipita dola 118,000! Mwaka 2014 mahakama ya rufaa nayo ikasema sheria hiyo inavunja katiba.

Dereva wa lori au rubani apimwe, sina ugomvi. Yeye akilewa wanakufa wengine. Lakini mwombaji msaada anamgonga nani? Na kama hoja ni fedha ya walipa kodi, mbona wenye mashamba makubwa wanaopokea ruzuku hawapewi kikopo? Waanze na hao.

Msomaji wako,
Morogoro