Rubani Kijana na Mkataba Wake

Hakuna mtoto wa Unguja wala wa Pemba asiyeijua sauti ya ndege ndogo. Kutwa nzima zinapita juu ya mapaa yetu, nyengine zikivuka kwenda Dar es Salaam kwa safari ya dakika ishirini hivi, nyengine zikielekea Chake Chake. Si ajabu, basi, kwamba miongoni mwa vijana wanaomaliza skuli wamo wanaotamani kuwa marubani. Tamaa hiyo ni njema na gazeti hili linaiunga mkono. Lakini ipo njia moja ya kuifikia ambayo tunaona ni wajibu wetu kuizungumza kwa makini, nayo ni mipango ya kadeti ya mashirika ya ndege.

Katika mpango wa namna hiyo, shirika humchagua kijana ambaye bado hajui kurusha ndege, au aliyepata leseni ya mwanzo tu, likampeleka chuoni na kumwahidi kiti cha rubani msaidizi pindi atakapofuzu. Kijana naye hufunga mkataba kwamba atalipa karo, ama kwa fedha taslimu ama kwa kukatwa mshahara, na kwamba atalitumikia shirika hilo kwa miaka kadhaa. Akiondoka kabla ya muda, hudaiwa.

Faida ya mpango huu haifichiki. Kwa kanuni za kimataifa zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, mtu hupata leseni ya urubani wa biashara akiwa na umri wa miaka 18 na saa 200 za kuruka, au saa 150 iwapo amesoma kozi kamili iliyoidhinishwa. Leseni ya juu, ile ya nahodha wa ndege kubwa za abiria, hudai umri wa miaka 21 na saa 1,500. Baina ya saa 200 na saa 1,500 ndipo vijana wengi wanapokwama. Kila mwajiri anataka mwenye uzoefu, na uzoefu haupatikani bila ya mwajiri. Shirika linalomchukua kadeti humvusha mkondo huo.

Huko Marekani mkondo huo ni mpana zaidi, na umewekwa na sheria. Ndege ya Colgan Air ilipoanguka karibu na Buffalo tarehe 12 Februari 2009 na kuua watu 50, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mwaka uliofuata, na tangu mwaka 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria hutakiwa, kwa kawaida, awe na saa 1,500. Mashirika ya mikoani ya huko huwawahi wanafunzi mapema na kuwaahidi kazi. Wakati wa kungoja, kijana huwafundisha wanafunzi wengine kurusha ndege, akilipwa ujira huku saa zake zikiongezeka. Kwetu vyuo vya urubani ni vichache, na mlango huo wa ualimu ni mwembamba.

Lakini sisi wa visiwani tuna mlango wetu. Ndege za injini moja aina ya Cessna Caravan, zichukuazo abiria kumi na wachache, huruka na kutua mara nyingi kwa siku moja. Kijana anayeanzia humo hujifunza tabia ya kaskazi na ya kusi, huyajua mawingu ya masika, na huzoea kuamua mambo kwa akili yake. Kadeti anayeanzia katika ndege ya ATR ya watu wapatao sabini hujifunza jambo jengine lenye thamani, yaani nidhamu ya marubani wawili kufanya kazi kama mtu mmoja. Zote mbili ni shule njema. Kwa hiyo ukubwa wa ndege na uzuri wa sare visiwe ndivyo vinavyoamua. Kinachostahili kupimwa ni mkataba.

Tunasema hivyo kwa sababu mashirika ya ndege hufa. East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na ambalo wazee wetu walilionea fahari, lilifunga kazi mwanzoni mwa mwaka 1977, mwaka uleule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Flybe ya Uingereza, iliyokuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya safari za mikoani barani Ulaya, ilifunga milango mwezi Machi 2020, na mwaka huo korona ikaziweka chini ndege za dunia nzima. Shirika likifa, ahadi ya kazi hufa nalo. Deni la karo, kama lilikopwa benki au kwa jamaa, hubaki hai. Baba aliyeuza shamba la mikarafuu lililopandwa na babu yake hatarudishiwa hata mkarafuu mmoja.

Kwa hiyo kijana na mzazi wake waulize kabla ya kutia saini. Mkopeshaji ni nani, na deni linaanza kulipwa lini? Ikiwa kijana amefuzu na shirika halina nafasi, je, yu huru kutafuta kazi kwengine? Je, deni la anayeondoka hupungua kila mwezi anaoutumikia, au hubaki zima hadi siku ya mwisho? Nani hulipia mafunzo ya aina maalumu ya ndege ambayo shirika linaitumia? Na akishindwa mtihani mmoja, hupewa nafasi ya pili?

Swali moja husahauliwa mara nyingi, nalo ni la aina ya leseni. Tangu mwaka 2006 ipo leseni ya marubani wa ndege za watu wawili, iliyokubaliwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambayo hukusudiwa kumtengeneza rubani msaidizi moja kwa moja. Ni leseni halali na mafunzo yake ni mazuri. Lakini mwenye leseni hiyo pekee hawezi kuajiriwa kurusha Caravan peke yake mpaka aongeze mafunzo. Shirika lake likifunga, atarudi nyumbani Unguja akute ndege ndogo zinaruka na yeye haruhusiwi kuzishika.

Kabla ya hayo yote, kijana apimwe afya ya daraja la kwanza linalotakiwa kwa marubani wa biashara. Ni hasara kubwa mtu kulipa karo ya mwaka mzima, kisha akaambiwa macho yake hayafai.

Sasa tunaigeukia Serikali. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo inayosimamia leseni. Tunapendekeza kila mkataba wa kadeti uandikwe pia kwa Kiswahili na nakala yake iwekwe kwa Mamlaka. Karo ilipwe kwa hatua, kadiri mafunzo yanavyoendelea, na isikabidhiwe yote siku ya kwanza. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar nayo iutazame urubani kama taaluma ya kukopeshwa, ili asiye na shamba la kuuza asifungiwe mlango.

Fikra hii si ngeni. Mwaka 1971 chuo cha urubani kilianzishwa Soroti, Uganda, kwa ajili ya vijana wa nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Viongozi wa wakati ule walielewa kuwa gharama ya kumfunza rubani ni mzigo usiobebeka na kaya moja. Jumuiya ilivunjika na Soroti ikabaki Uganda, lakini hoja yake haikuvunjika.

Kwa vijana tunasema: rukeni, kwani anga hizi ni zenu pia. Ila wazee wetu wa baharini walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Someni mkataba kwanza, mjue ngama yenu iko wapi siku upepo utakapogeuka.