Hizo Meza za Mamilioni ni Kiki Tu, Ofisi Tayari Iko Mfukoni!

Hazipiti wiki mbili mjini bila staa fulani kutupia video ya "ofisi yangu mpya ya nyumbani". Ni ileile kila siku: meza nyeupe ndefu, monita mbili zimekodoa kama macho ya bundi, kiti cha magurudumu kama cha rubani, taa za rangi ukutani, taa ya duara mbele na maikrofoni imening'inia kama ya studio ya redio. Pembeni kikombe cha kahawa kinafuka. Chini yake maneno mazito: "Wekeza kwenye kazi yako." Basi maoni yanamiminika, moto moto, makopakopa, "bosi lady", "Mungu nipe na mimi".

Kitu kimoja tu hakionekani kwenye hizo video. Kazi.

Majina hayatajwi hapa, wenyewe wanajijua. Yupo mrembo mmoja ambaye meza yake ilitoka duka la samani kwa makubaliano ya kuitangaza. Hakutoa hata mia. Picha zake anapiga kwa simu, anazihariri kwa simu na wateja anawajibu kwa simu, tena amejilaza kitandani. Zile monita mbili zinaonyesha picha ya bahari kutwa nzima. Yupo na kaka mmoja mcheshi, video zilizompa jina alizirekodi uani kwao, simu imeegemezwa kwenye ndoo. Leo anawaambia madogo kwamba bila setapu ya maana hawatoboi. Ndoo ameisahau!

Mastaa kupendeza si dhambi, mjini watu wanakula kwa macho. Tatizo ni anayelipa bili ya hiyo picha. Anayelipa ni dogo wa Tabata au Mbagala, kamaliza chuo juzi, ana laptopu ya mtumba na vijikazi viwili vya kusimamia kurasa za maduka ya nguo. Vinamlipa kidogo, lakini vinamlipa. Anaangalia ile video, anaangalia chumba chake, anaona aibu. Anaingia kwenye aplikesheni ya mkopo, pesa inaingia dakika tano, anashuka Kariakoo kununua meza, kiti na taa.

Mwezi unaisha. Riba inakimbia kuliko bodaboda. Wakopeshaji wanaanza kumtumia ujumbe mama yake, mjomba wake, mpaka mteja wake. Mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi sita. Meza inaishia kwenye status ya WhatsApp: "Inauzwa haraka, bei maelewano." Na si hadithi za kutunga kwamba hii mikopo ni hatari. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilianika orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Watu hawakuziita kausha damu kwa bahati mbaya.

Waswahili walishasema, usimwige tembo kunya, utapasuka msamba.

Na kinachouma zaidi, dogo huyo alikuwa na karibu kila kitu kabla hajakopa. Alikuwa nacho mkononi, ameking'ang'ania akiangalia video za ofisi za wenzake.

Tuanze na kamera. Ya simu ya kawaida ya leo mara nyingi inaipiga bao ile ya kwenye laptopu. Tangu mwaka 2022 mwenye iPhone na Mac zenye programu mpya anaweza kuifanya simu iwe kamera ya kompyuta, bila kununua chochote. Baadhi ya simu za Android 14 kuja juu nazo zinakubali, ni kuchomeka waya wa USB tu. Simu ikigoma, mtu aingie kwenye kikao kwa simu yenyewe, Zoom na Google Meet zote zipo humo. Simu iegemee vitabu, usawa wa macho, kikao kiendelee.

Taa? Dirisha. Mtu akikaa uso umelielekea dirisha asubuhi anapata mwanga unaoishinda ile taa ya duara, tena hauli umeme wa LUKU. Wengi wanakosea kwa kulipa dirisha mgongo, ndiyo maana wanatoka weusi kama kivuli, halafu wanalaumu kamera.

Maikrofoni? Hedfoni za waya zilizokuja na simu. Kipaza sauti chake kiko karibu na mdomo, na ukaribu huo ndio siri ya sauti safi. Chumba kikiwa na mwangwi, pazia zito na nguo zilizotundikwa zinaupunguza.

Monita ya pili? Iko sebuleni, inaangalia tamthilia. Televisheni bapa karibu zote zina tundu la HDMI. Waya mmoja, kisha kwenye Windows mtu anabonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, anachagua kutanua skrini, kwisha. Maandishi yakionekana madogo anayakuza, anakaa mbali kidogo. Na baadhi ya simu za juu za Samsung zina DeX, iliyoanza mwaka 2017, ambayo ukiichomeka kwenye televisheni simu inageuka kama kompyuta ya mezani. Kuna watu wanayo na hawajawahi kuigusa.

Skana? Google Drive kwenye Android na Notes kwenye iPhone zinageuza karatasi kuwa PDF safi, na pesa ya stesheneri inabaki mfukoni. Kuchapa kunachosha? Kibodi ya Google inaelewa Kiswahili cha kuongea tangu mwaka 2017. Mtu anasema, yenyewe inaandika, yeye anarekebisha makosa. Na yule anayejitumia mafaili kwa barua pepe kutoka simu kwenda laptopu ajue WhatsApp moja inaunganishwa na vifaa vingine hadi vinne.

Piga hesabu sasa. Meza inabaki na laptopu, simu, hedfoni na daftari. Hakuna msitu wa waya, hakuna cha kufuta vumbi kila asubuhi. Kwenye chumba kimoja ambacho ndicho sebule, ndicho jiko, ndicho pa kulala, hiyo si staili ya maisha, ni nafasi ya kupita. Umeme ukikatika, laptopu yenye chaji na simu yenye bando zinaendelea kupiga kazi. Ile monita ya mamilioni inabaki kioo cha kujitazamia.

Watetezi wa mastaa watasema kuna kazi zinazotaka vifaa. Kweli kabisa. Mhariri wa filamu, prodyuza wa muziki, mchora ramani za majengo, hao skrini kubwa na mashine nzito ni jembe lao. Na anayekaa saa nane kwa siku anahitaji kiti kinachobeba mgongo, hilo halina mjadala, mgongo hauna spea. Lakini huyo ananunua kwa sababu kazi imemdai, na kazi hiyohiyo ndiyo inayolipa. Anayekopa ili aonekane ana kazi amegeuza mambo kichwa chini miguu juu.

Mpangilio wa mtu mwenye akili timamu mjini unajulikana. Kwanza bando na umeme, maana bila hivyo mteja hapatikani. Pili kujua vizuri kile kilichopo mkononi, hata kwa jioni moja ya kupekua mipangilio ya simu. Tatu kiti. Mengine yote yasubiri faida, tena faida iliyokwisha kuingia, si ile ya ndotoni.

Na mastaa nao wajitafakari. Wenye kulipwa kutangaza meza waseme "hili ni tangazo", halafu waonyeshe na ile ndoo iliyobeba simu siku ya kwanza. Hiyo ndiyo video ambayo dogo wa Tabata anaihitaji. Wafuasi hawatapungua kwa kuambiwa ukweli. Kinachopungua ni kwikwi ya mama anayepigiwa simu usiku kudaiwa deni la taa ya duara.

Haya wadau, nani ameshaikopea setapu, na nani anapiga kazi na stuli na simu yake? Uwanja wa maoni uko wazi hapo chini, matusi hapana.