Nesi wenu na mambo ya nyumbani: kibaraza si sebule

1.

Mama zangu, dada zangu, na nyie kina baba mnaosomaga kimyakimya halafu mnanitumia maswali usiku. Wiki iliyopita tuliongea homa ya mtoto. Leo nahama wodini naenda kwenye ujenzi. Msishangae, mtaona mbele kwa nini nesi anaongelea marumaru.

Wengi wetu huku Kimara, Mbezi, Goba na Kibamba tunajenga kidogokidogo. Unahamia nyumba haijaisha, mwaka huu dari, mwakani rangi. Kibaraza ndio huwa cha mwisho. Na ndicho tunachokitamani, maana ndipo wageni wanakaa, kikoba kinakutania hapo, birthday ya mtoto hapo, na Jumapili baba watoto anachoma nyama hapo.

Kwangu ilikuwa hivyo hivyo. Kibaraza cha mita 3 kwa 5. Tulikuwa tumebakiwa na maboksi ya marumaru za sebuleni, nyeupe, zinang'aa mpaka unajiona uso. Nikasema haya, tusipoteze, ziende nje. Fundi akaweka, nikapiga picha, nikawatumia ndugu. Kila mtu akasifia.

Mvua za vuli zilipoanza, mama mkwe alikuwa amekuja kutusalimia. Asubuhi akatoka kuanua nguo zisilowe. Nikasikia kishindo tu. Alijizuia kwa mkono, kifundo kikavunjika. Mama wa watu akakaa na hogo wiki sita, na kunawa uso akawa anasaidiwa na mjukuu.

Na mimi ndiye nesi wa familia. Mimi ndiye ninayeuliza watu kila siku, "Umeangukia wapi, mama?" Siku ile jibu lilikuwa: nyumbani kwangu, kwenye sakafu niliyoichagua mwenyewe.

2.

Tangu siku ile nimeanza kusikiliza lile jibu vizuri. Mtu anasema "nimeteleza nyumbani", tunaandika, tunatibu mfupa, tunampa dawa za maumivu na tarehe ya kurudi. Hakuna anayeuliza umeteleza juu ya nini. Mgonjwa anarudi kwenye sakafu ileile, na mvua ni ileile.

Kwa hiyo maoni yangu nayasema wazi, asiyekubali tutajadiliana. Sakafu ya nje ni jambo la afya ya familia kabla ya kuwa pambo. Kama hela haitoshi kununua marumaru zisizoteleza, ni bora ubaki na sakafu ya saruji iliyopigwa fagio ikawa na mikwaruzo, kuliko kuweka zinazong'aa ili wageni wasifie.

Naongea na nyie kina mama kwa sababu ya watu watatu tunaowalea. Wa kwanza ni mtoto, ambaye kutembea kwake ni kukimbia. Wa pili ni mjamzito. Mimba ikikua tumbo linavuta uzito mbele, viungo navyo vinalegea, na miguu yake haioni vizuri. Wa tatu ni bibi. Mwanamke akishakoma hedhi mifupa inapungua nguvu, na kuanguka ambako kijana anaamka akicheka, bibi anaweza kuvunjika nyonga. Nyonga ya mzee si kitu cha mchezo. Kulala muda mrefu kunaleta vidonda vya mgongoni, nimonia na damu kuganda. Nawahudumia wagonjwa hao, najua ninachosema.

3.

Sasa twende dukani. Siku hizi marumaru hazina tena shida ya kuagiza mbali, viwanda tunavyo hapahapa Pwani, Mkuranga na Chalinze. Ukienda Kariakoo, au maduka yaliyopanga foleni barabara ya Morogoro, utachanganyikiwa kwa wingi. Usichanganyikiwe. Uliza maswali haya.

Hii ni ya ukutani au ya sakafuni? Ya ukutani ni nyepesi na laini, ukiiweka chini itapasuka. Utashangaa wangapi wanauziwa kwa sababu tu rangi imependeza.

Hii inateleza ikilowa? Usikubali jibu la mdomo. Beba chupa ya maji, omba kipande kiwekwe chini, kimwagie, vua kiatu, sugua na unyayo. Kisha vaa ndala sugua tena. Marumaru ya nje inatakiwa ikukamate. Muuzaji akikucheka mwache acheke, hela ni yako. Baadhi ya maboksi yana alama ya R na namba, kuanzia R9 hadi R13. Namba ikipanda, utelezi unapungua. Kwa sehemu inayopigwa na mvua, tafuta R11.

Inakunywa maji? Geuza kipande, dondoshea maji mgongoni. Yakinywewa haraka, hiyo ina kiu. Ile ngumu ya poseleni hainywi zaidi ya nusu asilimia ya uzito wake. Sisi hatuna barafu ya kuipasua kama Ulaya, kwa hiyo usitishwe sana. Ila yenye kiu huku kwetu inashika madoa ya mafuta na ukungu wa kijani, na ukungu nao ni utelezi mwingine.

Rangi gani? Nyeusi ikipigwa jua la saa nane la Dar, mtoto peku hawezi kusimama. Nyeupe nayo inaumiza macho. Chukua kijivu au rangi ya udongo, hata vumbi haitalionyesha sana.

Halafu hesabu. Kibaraza changu ni 3 mara 5, yaani mita za mraba 15. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kukata na kuvunjika, inakuwa 16.5. Marumaru ya sentimita 40 kwa 40 ni mita ya mraba 0.16. Boksi lenye vipande 12 linafunika 1.92. Gawanya, unapata maboksi 9. Vipande kwenye boksi vinatofautiana, kwa hiyo soma boksi lenyewe na linganisha bei kwa mita ya mraba, sio kwa boksi. Nunua zote siku moja na hakikisha namba ya rangi kwenye maboksi inafanana, la sivyo utakuwa na kibaraza cha rangi mbili.

4.

Fundi. Hapa ndipo kazi nzuri inapoharibikia, maana unaweza kununua marumaru nzuri zikawekwa vibaya.

Kosa la kwanza la kwangu lilikuwa kumsifia fundi kwa kunyoosha sakafu kama meza. Ndani ni sawa. Nje inatakiwa ilale kidogo kuelekea uani, sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita, ili maji yakimbie. Kibaraza cha mita 3 kwa mteremko wa sentimita moja na nusu, ukingo wa mbele unakuwa chini kwa sentimita 4 na nusu. Kwa macho huuoni, ila maji yanaujua. Mteremko huo unatengenezwa kwenye jamvi au lipu ya chini, sio kwa kuongeza gundi. Kazi ikiisha, mwaga ndoo ya maji fundi akiwa bado hajalipwa ya mwisho. Yakituama, kazi haijaisha.

La pili ni chapati. Utamwona fundi anaweka madonge matano ya gundi mgongoni mwa marumaru kama chapati, anabandika. Katikati panabaki hewa. Ukigonga na sarafu unasikia uwazi, na mtu akikanyaga pembe na kiti cha plastiki inavunjika. Ncha yake inakata mguu wa mtoto. Gundi isambazwe yote kwa mwiko wenye meno, na nyingine ipakwe mgongoni. Siku ya kwanza mwambie fundi abandue moja mbele yako uone mgongo wake.

La tatu ni kubana. Watu wanapenda marumaru zigusane bila mstari. Nje jua linazitanua, na zikikosa nafasi zinanyanyuka. Acha milimita 3 mpaka 5, jaza grauti. Mistari hiyo pia inasaidia mguu kushika, ndio maana vipande vidogo nje ni bora kuliko vile vikubwa vya 60 kwa 60.

La nne ni ngazi. Kama kibaraza kina kidato, ukingo wake uwe wa rangi tofauti na uwe na mikwaruzo. Bibi mwenye mtoto wa jicho haoni kidato cheupe kilicho mbele ya sakafu nyeupe.

Na tafadhali, msimwite fundi Alhamisi wakati sherehe ni Jumamosi. Zege jipya linahitaji karibu wiki nne kukomaa. Gundi inahitaji angalau siku nzima kabla ya kukanyagwa na kujazwa grauti, na grauti nayo inahitaji muda wake. Ukiharakisha, wageni watacheza juu ya kazi mbichi, na wiki ijayo unaanza kuhesabu zilizoachia.

5.

Hili ni la kinesi kabisa, soma hata kama hujengi.

Siku za kazi, watoto wasiwe hapo. Vumbi la kukata marumaru kwa grainda linakaa kwenye mapafu. Fundi akate kwa maji na avae barakoa. Saruji mbichi inaunguza ngozi taratibu. Mtoto akiikanyaga, oshea maji mengi ya bomba papo hapo, usingoje alie.

Kazi ikiisha, mafundi wengi wanasafisha mabaki kwa asidi. Asidi hiyo isichanganywe kabisa na Jik, inatoa hewa ya klorini inayoziba pumzi. Na isibaki nyumbani kwenye chupa ya soda au ya maji. Narudia: isibaki kwenye chupa ya soda. Mtoto ana kiu, anaona chupa, anakunywa. Ikitokea, usimtapishe, msuuze mdomo, kimbia hospitali na ile chupa mkononi.

6.

Najua mtakachosema.

"Nesi, za mikwaruzo zinashika uchafu." Kweli, zinashika. Brashi ngumu na maji ya sabuni mara moja kwa wiki zinatosha, halafu suuza vizuri, maana sabuni iliyobaki inateleza pia. Ukichoma nyama, futa mafuta usiku uleule. Dakika kumi za brashi na wiki sita za kumwogesha mtu mwenye hogo, chagua.

"Mume wangu anataka zinazong'aa." Mpelekee ile chupa ya maji dukani, asugue na unyayo wake mwenyewe. Wa kwangu hakubishana tena.

"Wageni wataonaje?" Hili ndilo linalotumaliza wanawake. Mgeni anakaa saa mbili, anakunywa chai, anaondoka. Bibi, wewe na watoto mnapita hapo kila siku, na ndoo, na mtoto mgongoni, usiku umeme umekatika. Sakafu ni ya nani sasa?

7.

Kama tayari umeshaweka zinazoteleza, usilie, na usikope ili ubomoe kesho. Ongeza bati au mfereji ili mvua isipige ndani. Bandika vipande vya mikwaruzo kwenye njia na kwenye kidato. Zulia la mlangoni liwe na mpira chini. Mkeka wa kawaida juu ya marumaru yenye maji ni kama sleji. Weka bomba la kushikia pale bibi anaposhuka. Na mvua ikinyesha, nguo ataanua kijana.

Sisi tulibomoa baada ya mwaka, tulipopata mkopo wa kikoba. Iliniuma, maana tulilipa fundi mara mbili kwa kibaraza kimoja. Tumeweka za kijivu, 40 kwa 40, mbaya kwenye picha. Hakuna ndugu aliyesifia.

Mama mkwe alikuja tena kipindi cha masika. Mvua ikashuka, nikamwona anatoka anashika ukuta kama mtu anayepita kwenye tope. Akajaribu na mguu mmoja. Akajaribu tena. Kisha akaachia ukuta, akaenda kukaa kwenye kiti chake, akaniambia, "Mwanangu, hapa sasa naweza kukaa."

Nikawaza picha zote nilizopiga za ile nyeupe. Hakuna hata moja iliyonipa neno kama hilo.

Kesho niko zamu ya usiku. Wiki ijayo tunarudi kwenye chanjo. Kama una kibaraza unachotaka kuanza, chukua chupa ya maji kabla ya pochi. Lala salama, na kama mvua inanyesha kwako sasa hivi, mwambie mtoto atembee, asikimbie.