Tusiuzishe karanga zote



Gazeti hili linaongea sana juu ya mbegu, mbolea na bei ya mahindi. Leo tunaomba tuongee juu ya ngozi, ulimi na miguu ya wale wanaolima. Mutatuuliza: ma-agronome wanatafuta nini katika kazi ya munganga? Jibu letu ni fupi. Kuko magonjwa yanayoanzia shambani, na dawa yake ya kudumu iko shambani vilevile.

Tuanze na pelagra. Inaletwa na kukosa niasini, ile vitamini B3. Inapenda kukaa kwa watu wanaokula bukari ya mahindi asubuhi na jioni, na kitoweo kidogo sana. Mahindi yana niasini, lakini imefungwa ndani ya punje na tumbo haliwezi kuifungua. Watu wa Mexico, waliolima mahindi mbele ya wengine, walizoea kuyapika na chokaa ao majivu, na hiyo inaifungua. Mahindi yalipofika Ulaya na Afrika, ufundi huo haukuyafuata.

Dalili zake, kila mtu anaweza kuziona. Ya kwanza ni ngozi, pale jua linapopiga: juu ya viganja, mikono, miguu, uso, shingo. Inakuwa nyeusi, ngumu, inapasuka na kubanduka kama ya mtu aliyeungua. Inashika mikono yote miwili sawasawa, na mpaka wake unaonekana wazi pale nguo inapoanzia. Shingoni inazunguka kama mkufu. Ya pili ni tumbo: kuhara, na ulimi mwekundu unaouma. Ya tatu ni kichwa: usingizi hauji, mtu anasahau, anakasirika bure, mwishowe anaongea ovyo. Hapo ndipo jirani wanaanza kusema amelogwa. Apana. Ni sahani yake iliyopungukiwa, na asipotunzwa anaweza kufa.

Vitamini B zingine nazo zina alama zake. Pembe za mdomo zikipasuka na ulimi ukiuma, inaweza kuwa B2. Nyayo zikiwaka ao kufa ganzi, miguu ikiwa mizito na kuvimba polepole, tufikiri B1. Mtu akiwa mweupe ndani ya macho na kuchoka haraka, anaweza kukosa folate ao B12, ijapokuwa malaria na minyoo pia zinaleta hali hiyo. Lakini miguu yote miwili ikikakamaa kwa ghafula, kwa siku moja tu, kwa watu wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa vizuri, hiyo ni konzo, ugonjwa mwingine kabisa.

Muangalie zaidi wagonjwa wa kifua kikuu, maana dawa moja wanayokunywa, isoniazidi, inapunguza B6 mwilini. Muangalie pia wale ambao lutuku imekuwa chakula chao. Mukiona alama, mumupeleke mtu kwenye kituo cha afya, na mumuambie munganga anakula nini kila siku. Bila habari hiyo, ngozi yake itapakwa mafuta ya upele, na kuhara kwake kutatibiwa kama amiba. Vidonge vya niasini vikitolewa vizuri, hali inabadilika kwa siku chache. Ngozi ndiyo inachelewa.

Lakini vidonge vinaisha. Ndiyo maana tunasema: koperative isiuzishe karanga zote.

Tuangalie Malawi. Mwaka 1989 karanga zilikatika katika chakula cha wakimbizi wa Mozambique waliokuwa kule, wakabaki na mahindi. Mwaka 1990 wagonjwa wa pelagra walifika karibu 18,000, na wanawake walipatwa mingi kuliko wanaume. Nyumba zilizokuwa na karanga za shamba lao zilikingwa zaidi. Kule Kuito, Angola, wakati wa vita, mwaka 1999, ugonjwa ulirudi tena na kushika mamia ya watu. Sisi hatuko kambini wala hatujazungukwa na vita kila mahali. Ni aibu basi mlimaji wa karanga akose karanga.

Tufanye hesabu. Gramu 100 za karanga zina karibu miligramu 12 za niasini. Mtu mkubwa anahitaji 14 mpaka 16 kwa siku. Kiganja kimoja, gramu 30 hivi, ndani ya sombe ao lengalenga, tayari kinasaidia. Nyumba ya watu sita, kila mtu gramu 30 kwa siku, inahitaji karibu kilo 66 kwa mwaka, zilizokwisha kutolewa maganda. Kama ni nyingi, tuweke nusu, kwa miezi ile mibaya ya mvua ghala likiwa tupu.

Tunajua mutakalosema: minervali haingoji, na mununuzi anafika na pesa mkononi siku ya mavuno. Ni kweli. Lakini siku ya mavuno ndipo bei iko chini, na mama akilala mgonjwa wakati wa kupalilia, shamba linapoteza kuliko bei ya gunia moja.

Kwa hiyo tunaomba kila koperative ipitishe mambo matatu katika mkutano wake wa mbele. Moja: kabla ya kupima gunia la kwanza la kuuzisha, kila nyumba ipime meka zake na kuziweka pembeni. Zikaushwe vizuri, na zenye kuvu zitupwe, juu ya sumu yake. Mbili: karanga ao kunde zipate zamu yao katika shamba la mahindi, zinalisha udongo azoti, nazo zinalisha watu. Tatu: tusipende unga mweupe sana. Kinu kikitoa pumba na kiini chote, vitamini nyingi zinabaki kwa kuku.

Na bamama wapewe neno katika mkutano huo. Wao ndio wanajua nyungu ilikuwa na nini mwezi wa kwanza, na mikono yao ndiyo pelagra inaonekana mbele.