Likasi: Wanafunzi na asistanti wale pamoja, lakini pointi zibaki nje ya sahani

Katika vyuo vya Likasi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukutana na asistanti sehemu tatu: darasani, kwenye TP, na siku matokeo yanapobandikwa ukutani. Kote huko mmoja ana mamlaka na mwingine ana woga. Ndiyo maana kijana anaweza kumaliza miaka mitatu bila kumuuliza aliyemtangulia swali rahisi kabisa: wewe ulifanyaje?

Vyuo vya nchi nyingine vimejaribu kuziba pengo hilo kwa chakula. Anayesoma masta au doktora anaketi meza moja na wanafunzi wachache wa miaka ya chini, wanakula na kuzungumza. Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, kilianza utaratibu wa namna hiyo mwaka 1930, kilipofungua mabweni ambamo walezi wanaishi na kula ukumbi mmoja na wanafunzi. Leo wengi wa walezi hao wenyewe bado wanasomea doktora.

Je, jambo hilo linawezekana Likasi, ambapo mwanafunzi anajipikia chumbani, asistanti mwenyewe huenda hajalipwa, na chakula kutoka kwa mwenye pointi kinaweza kuwa na bei iliyofichika? Linawezekana, na gharama yake ni ndogo. Lakini lina masharti, na bila masharti hayo ni afadhali lisianze.

LMD imebadilisha kazi ya mwanafunzi

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, chini ya waziri Muhindo Nzangi, vyuo vya Kongo viliingia katika mfumo wa LMD. Zamani mtu alifanya graduat miaka mitatu, kisha licence miaka miwili. Sasa licence ni miaka mitatu yenye kredi 180, masta ni miaka miwili yenye kredi 120, halafu doktora.

Wengi wameona mabadiliko ya majina tu. Kumbe kilichobadilika zaidi ni kazi. Kredi hazihesabu tu saa ambazo mwalimu amesimama mbele ya ubao. Zinahesabu pia kazi ambayo mwanafunzi anafanya peke yake: kusoma, kutafuta habari, kuandika. Aliyetoka sekondari akiwa amezoea kukariri anaambiwa sasa atafute mwenyewe, na mara nyingi hakuna aliyemwonyesha namna ya kutafuta.

Nyumbani pia hapati msaada mkubwa. Baba au dada aliyefika chuo kikuu alisoma mfumo wa zamani. Maprofesa nao ni wachache, na baadhi yao wanatoka Lubumbashi, kilomita zipatazo 120, wanatoa kozi yote kwa siku chache na kurudi. Anayebaki ni asistanti au CT, ambaye mara nyingi yeye mwenyewe bado anatafuta diploma ya juu. Wapo pia watoto wa Likasi wanaosoma masta Lubumbashi na kurudi nyumbani wikendi. Hao ndio walio karibu zaidi na mwanafunzi, kwa umri na kwa shida walizopitia.

Yasiyoandikwa kwenye silabusi

Wanachojua watu hao hakiuzwi pamoja na silabusi. Wanajua namna ya kupunguza mada ya kazi ya mwisho ili imalizike ndani ya mwaka, na namna ya kumkumbusha direkta asiyejibu bila kumkasirisha. Wanajua pia makala za kisayansi zinazopatikana bure kwenye intaneti, ili mtu asimalize megabaiti zake kwa kutafuta ovyo.

Katika mji wa madini kama huu kuna jambo lingine: stage. Mwanafunzi wa metalurjia anaona moshi wa Shituru kila siku, lakini hajui barua ya kuomba stage aielekeze kwa nani, lini, na iandikwe vipi. Mwenye mjomba ndani ya kampuni anajua. Asiye na mjomba anazunguka na bahasha hadi muda unapita. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini lazima awepo mtu wa kuulizwa.

Kwa nini iwe juu ya chakula

Kwanza kwa sababu ya njaa, na hilo tuliseme wazi. Waliosoma miaka ya 1970 wanakumbuka restora ya chuo na ruzuku ya serikali. Familia nyingi za Likasi nazo zilikuwa na mposho wa Gécamines. Yote hayo yameisha. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, na nyumba nyingi za Katanga zilipoteza mshahara uliokuwa unalipa minervali. Mwanafunzi aliyepanga chumba Kikula na anayekula mara moja kwa siku hatakwenda kwenye kikao cha ushauri saa saba mchana. Kwenye bukari atakwenda.

Pili, kwa sababu ya desturi yetu. Watu walionawa katika beseni moja na kuchovya katika bakuli moja la sombe hawazungumzi kama watu waliotenganishwa na meza ya ofisi. Mdogo bado anamheshimu mkubwa wake, lakini mdomo unafunguka.

Hatari yenyewe

Hapa ndipo jambo zuri linaweza kuharibika. Wanafunzi wa Kongo wana jina chungu, PST, yaani pointi zinazoambukizwa kwa ngono. Jina hilo lisingeenea kama jambo lenyewe lisingekuwepo. Kuna pia pointi za kununuliwa, na silabusi ambayo asiyeinunua anahofia mtihani wake. Katika hali hiyo, asistanti anapomwambia msichana wa mwaka wa kwanza "njoo tule", msichana ana haki ya kuogopa. Na kijana anayemlipia asistanti sahani ya samaki anaweza kuonekana amekwisha kulipia kozi.

Sheria ipo. Ile ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono inaadhibu pia anayetumia mamlaka yake kumsumbua mtu. Lakini sheria inafika baada ya uovu kutendeka. Kinga inapaswa kuwekwa kabla ya sufuria kuinjikwa.

Kinga ya kwanza: anayemshauri mwanafunzi asiwe anayesahihisha kazi zake, wala asikae katika jury yake. Wa metalurjia mwaka wa kwanza apewe mtu anayefundisha mwaka mwingine au fakilite nyingine, au mtu wa masta asiyefundisha kabisa. Ya pili: mlo uwe wa kundi, mmoja na wanne au watano, mchana, mahali pa wazi. Kamwe usiwe nyumbani kwa mtu wala usiku. Ya tatu: wasichana wawe na dada wakubwa katika orodha ya washauri, hata kama itabidi dada mmoja ahudumie makundi mawili.

Nani atalipa

Kwetu mkubwa ndiye hulipa. Lakini wapo asistanti wanaofundisha miaka kadhaa bila mshahara wa serikali, wale wanaoitwa "nouvelles unités". Ukiwaachia mzigo huu, mlo utakufa mwezi wa pili. Ukiwaachia wanafunzi walishe washauri, umefungua mlango wa hongo.

Njia iliyobaki tunaijua wote: likelemba. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, anatoa kiasi kilekile mara moja kwa mwezi. Kundi la watu sita linaweza kula bukari, kalembula na samaki wa Kapolowe bila kumuumiza mtu. Haut-Katanga hutegemea sana mahindi ya Zambia, kwa hiyo bei ya unga ikipanda samaki atapungua, na mlo utaendelea. Mwenye kutoa sawa na wenzake hana deni, na asiye na deni anauliza anachotaka.

Mradi wa wafadhili hauhitajiki, wala jengo jipya. Kinachohitajika ni karatasi moja yenye majina: nani anashauri kundi gani, na nani anasahihisha nani. Habari hizo tayari ziko kwenye sekretariati ya kila fakilite. Fakilite moja ikiipanga orodha hiyo mwanzoni mwa mwaka wa masomo na kuibandika ukutani, pale pale yanapobandikwa matokeo, wanafunzi wa mwaka wa kwanza watajua wamuulize nani miezi mingi kabla pointi hazijatoka.