Wajibu kwa Mgonjwa Asiyekohoa

Kijiji cha Quitunda hakikuota chenyewe. Kilijengwa wilayani Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kwenye rasi ya Afungi, kwa ajili ya watu waliohamishwa kupisha mradi wa gesi, na familia za kwanza ziliingia mwaka 2019. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu ya waliokimbia risasi walikimbilia hapo, wakabanana na wenyeji. Anayeamua watu wakae wapi anabeba dhamana ya maradhi yatakayowapata wakiwa hapo.

Kifua kikuu ni mojawapo. Shirika la Afya Duniani linaiweka Msumbiji miongoni mwa nchi 30 zinazoelemewa zaidi na ugonjwa huu, na kila mhudumu wa afya amefundishwa kuuliza habari za kikohozi. Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Bakteria walioingia kwa pumzi wanaweza kusafiri na damu na kutua mifupani, hasa kwenye pingili za uti wa mgongo, pengine nyonga au goti. Mgonjwa huyo huenda asikohoe kabisa. Mgongo unamuuma wiki baada ya wiki, jasho linamtoka usiku, anakonda. Akiambiwa ni uchovu wa jembe na nyavu, akapewa vidonge vya maumivu, basi amefukuzwa kwa upole. Nyumbani watamkanda. Pingili huliwa upande wa mbele mpaka zikaporomoka. Kibiongo hutokeza, usaha hubana ugwe mgongo, miguu hupooza. Hapo majirani huanza kunong'ona kwamba amerogwa.

Hatuwezi kulinyamazia hilo, maana ugonjwa huu ukigunduliwa mapema wengi hupona kwa vidonge tu, bila kisu, na vidonge hivyo ni bure.

Mhudumu anayemwona mtu akirudi na maumivu yaleyale lazima aukague mgongo wake pingili kwa pingili, ampime virusi vya ukimwi na kumwandikia rufaa ya picha ya mgongo. Rufaa ya kwenda Pemba, mji mkuu wa mkoa, bila nauli ni karatasi tu. Wakuu wa mkoa na wa mradi wanalijua hilo, na fedha ya safari hiyo ni deni lao. Kisha kuna urefu wa dozi: kwa mifupa, wataalamu wengi hushauri miezi 9 hadi 12. Palma ni mahali ambapo mtu anaweza kulala kwake na kuamkia porini. Kwa hiyo kila mgonjwa awe na kadi mkononi na dawa za akiba, na kituo chochote atakachokimbilia, Mueda au Pemba, kimpokee na kumwendelezea dozi bila kumrudisha mwanzo kwa uzembe wa kumbukumbu.

Familia nazo zisimfiche mtoto mwenye kibiongo. Mwenye kifua kikuu cha mifupa peke yake kwa kawaida haambukizi wengine. Mara nyingi mtoto huyo ameambukizwa na mtu mzima wa karibu anayekohoa, na ambaye huenda bado hajatibiwa. Nyumba nzima ipimwe wiki hiyohiyo mtoto anapogunduliwa, kuanzia na anayelala naye chumba kimoja.