Kidiaba alipata kiti, wachezaji wengine watakalia nini?

LUBUMBASHI – Kwenye viwanja vya vumbi vya Kamalondo, Kenya na Katuba, kipa mtoto akidaka penalti bado anaketi chini na kurukaruka kwa makalio. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa tarehe 14 Desemba 2010, siku Robert Kidiaba Muteba alipocheza vile kule Abu Dhabi mbele ya dunia nzima. Siku ile TP Mazembe waliifunga Internacional ya Brazil 2-0, baada ya kuitoa Pachuca ya Mexico 1-0. Ilikuwa mara ya kwanza klabu isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Inter ya Milano ilishinda fainali 3-0, lakini Lubumbashi haikulala.

Watoto wameiga kuruka. Kazi iliyotangulia kuruka kule, ni wachache wanaoijua.

Kidiaba aliingia Mazembe mwaka 2002. Miaka saba ikapita kabla ya Kunguru kutwaa tena kombe la mabingwa wa Afrika, ambalo lilikuwa halijarudi Lubumbashi tangu 1968. Mwaka huo huo wa 2009 alikuwa golini Congo ilipochukua CHAN kule Côte d'Ivoire, mashindano ya wale wanaocheza nyumbani kwao. Mwisho wa mwaka Mazembe walikwenda Abu Dhabi kwa mara ya kwanza, wakafungwa na Pohang ya Korea 2-1, kisha na Auckland City ya New Zealand 3-2. Walirudi mikono mitupu na watu wakawacheka. Kombe la Afrika la 2010 na fainali dhidi ya Inter vilikuja baada ya aibu ile. Tarehe 7 Februari 2015, mwenye miaka 39, Kidiaba alikuwa bado golini Leopards waliposhinda nafasi ya tatu ya Afrika kwa penalti, 4-2 mbele ya Guinée ya Ikweta.

Hiyo ndiyo kazi ya mtu ambaye jina lake lilikua akiwa hapa nyumbani, bila klabu kubwa ya Ulaya. Kijana anayeambiwa kila siku kwamba bila ndege ya kwenda Ubelgiji hakuna maisha ya mpira, aihesabu vizuri.

Lakini baada ya glavu kutundikwa kuna nini? Katika uchaguzi wa Desemba 2018 Kidiaba aligombea, na Januari 2019 akatangazwa mbunge wa jimbo la Haut-Katanga. Kuna waliofurahi, na kuna waliouliza kipa anajua nini juu ya bajeti ya jimbo. Swali lile halikuwa la haki. Katanga, njia kati ya uwanja na siasa ilikuwa imekwisha kufunguliwa: Moïse Katumbi aliongoza Mazembe akiwa pia gavana, toka 2007 mpaka 2015. Mbunge apimwe kwa kazi yake ya ubunge, awe alikuwa mwalimu, mfanyabiashara ao mlinda mlango.

Swali la haki ni lingine. Kwa nini mchezaji wa Congo ahitaji kura za watu ili azeeke vizuri?

Mwezi ule ule wa Januari 2019, tarehe 26, Ndaye Mulamba alifariki kule Afrika Kusini. Mwaka 1974 aliifungia Zaïre magoli 9 katika Kombe la Afrika moja, na rekodi hiyo haijavunjwa hata leo. Mwaka 1994 watu wenye silaha walimpiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi huko kwa taabu akilinda magari ya watu. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, wachezaji walisimama kimya dakika moja kumwombolezea, na yeye alikuwa mzima. Nchi ilikuwa imemsahau mpaka haikujua kama anapumua.

Mwezi mmoja, njia mbili. Mmoja jina lake lilimpa kiti, mwingine jina kubwa zaidi halikumpa hata nyumba ya kufia kwao. Kiti kimoja cha ubunge hakiwezi kuwa pensheni ya wachezaji wote. Viti ni vichache, na vijana wanaoumia goti wakiwa na miaka 22 hawana jina la kupigiwa kura.

Kwa hiyo kazi ianzie pale mtoto anapotia sahihi. Kila klabu ya jimbo, kubwa na ndogo, impe mchezaji mkataba wa kuandikwa, na nakala moja ikae nyumbani kwa wazazi wake. Klabu zinazolipa mshahara zimwandikishe CNSS kama mfanyakazi mwingine yeyote, maana kulinda goli ni kazi. Na mtoto asiachishwe masomo: diploma ya Serikali haimzuii mtu kudaka penalti. Wengine watasema klabu ndogo hazina pesa. Kweli, hazina. Lakini mkataba unataka karatasi na kalamu, na kumwacha mtoto aende darasani asubuhi hakugharimu klabu hata franga moja.

Wazazi nao wana sehemu yao. Baba anayesema « achana na shule, wewe utakuwa Kidiaba » anasahau kwamba timu moja ina golikipa mmoja uwanjani, na wenzake wako kwenye benchi. Amwambie mtoto habari yote: miaka saba ya kungoja, aibu ya 2009, miaka 39 na bado mazoezi.

Mtoto wa Kamalondo aendelee kurukaruka kwa makalio; ni furaha ya mji huu. Ila siku atakapoacha kuruka, awe na mahali pa kukaa.